Datsun 240Z si ya kuyeyushwa, Mhariri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, najua hii ni ndefu ila nakuomba usiikate sana maana jambo lenyewe halielezeki kwa mistari miwili. Wiki iliyopita kuna msomaji mwenzetu aliandika kwamba watu wanaopenda gari za spoti za zamani wanapenda jina tu, eti gari yoyote mpya ya spoti inaipita ya zamani kwa mbio, kwa breki, kwa raha na kwa usalama, kwa hiyo hizo kuukuu zilizojaa kwenye mayadi zikusanywe ziyeyushwe tupate nondo za kujengea. Mimi ni fundi wa magari hapa Moshi, nimefungua injini za zamani na nimefungua za kisasa, na hilo neno la nondo ndo limenikalisha chini niandike.

Kwanza nimpe haki yake, kwa namba kashinda na wala sibishani naye. Nachukua gari moja ninayoijua vizuri, Datsun 240Z, ile ya milango miwili na viti viwili, boneti ndefu, ilitoka Japani mwishoni mwa 1969. Injini yake ni ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, ukubwa wa cc 2393, na kiwanda kiliiandikia nguvu ya farasi 151. Sasa weka pembeni yake Nissan Z ya leo (Datsun ni jina walilotumia Nissan zamani), ambayo ni mjukuu wake kabisa na hata sura wameichora kwa kumfuata babu, hiyo ina V6 ya lita 3 yenye taabo mbili, yaani turbo za kusukuma hewa ndani ya injini, na nguvu ya farasi 400. Babu anafika kilomita 100 kwa saa kwa sekunde 8 hivi, mjukuu anamaliza kazi hiyohiyo kabla sekunde 5 hazijaisha. Breki usiseme. Babu hana ABS ya kuzuia tairi zisijifunge, hana eabegi, ukigonga ukuta na babu unaugonga wewe mwenyewe. Mtu akija gereji akaniuliza anunue gari gani ya kupeleka watoto shule kila siku namwambia chukua ya kisasa tena chukua yenye eabegi nyingi, hilo halina mjadala.

Ila ndugu yetu kaishia kwenye namba, na gari ya spoti hainunuliwi ikafanye kazi ya daladala, inanunuliwa kwa ajili ya yule aliyeshika usukani, kwa hiyo inabidi tuulize huyo aliyeshika usukani anapata nini.

Twende barabarani basi. Toka hapa Moshi mpaka Arusha ni kilomita 80 hivi, na kila ukianza kunogewa unakuta kibao cha 50, Boma, Kikatiti, Usa River, na trafiki wamekaa na tochi yao chini ya mti. Hizo farasi 400 unazitumia wapi? Kwenye gari mpya ya spoti ukiwa gia ya pili unagusa kidogo tu eksileta tayari umeshavunja sheria na gari yenyewe hata haijaamka, imetulia kabisa, unaona kabisa kwamba inakuvumilia. Mimi nimeshaendesha za wateja nikizijaribu baada ya matengenezo na nilichosikia ni kiyoyozi. Lakini 240Z ukiwa 60 tu unasikia unaendesha kitu, injini inaimba mbele yako, usukani unacheza kidogo mkononi kila ukipita kiraka cha lami, upepo unaingia pembeni ya kioo, ukikata kona unajua tairi la mbele limeshika kiasi gani kwa sababu mkono wako unaambiwa. Raha yote unaipata ndani ya sheria na leseni yako inabaki mfukoni.

Sababu yake ni ya kifundi kabisa, wala si mambo ya kukumbuka ujana. Ile gari ina uzito wa tani moja na kidogo. Mjukuu wake ana tani 1.6 hivi, na huo uzito umeongezeka kwa sababu za maana, bodi imeimarishwa kwa ajali, kuna eabegi, kuna mota za viti, kuna spika, kuna manyaya mengi na sensa kila kona, lakini uzito ni uzito, lazima uubebe kwenye kila kona, na ili usiusikie wanaongeza nguvu ya injini, halafu nguvu ikizidi wanaongeza upana wa tairi, tairi zikiwa pana wanaongeza ukubwa wa breki, na kila walichoongeza kina kilo zake. Usukani wa 240Z ni rak na pinioni isiyo na msaada wowote, chuma kwa chuma toka mkononi mwako mpaka kwenye tairi. Za siku hizi usukani unasaidiwa na mota ya umeme, na kompyuta ndo inayoamua usikie nini na usisikie nini. Mlio wenyewe pia umeguswa, BMW M5 ile iliyotoka 2011 waliifunga mfumo unaocheza mlio wa injini kwenye spika za redio kwa sababu mle ndani walishaziba kila kitu mpaka mwenye gari hasikii injini yake. Injini ile ni V8 kubwa yenye taabo mbili, halafu mlio wake unauletewa na spika! Mimi hilo lilinisikitisha kabisa.

Kuendesha hizi mpya ni kama kuletewa embe lililokwisha menywa, likakatwa vipande, likachomekwa uma, tamu ni tamu na shati lako linabaki safi, lakini aliyezoea kulila embe kwa mkono mpaka maji yakashuka kwenye kiwiko anajua kuna kitu amenyimwa.

Nimweleze huyo ndugu jinsi gari ya zamani inavyomtaka mtu. Kuna mzee mmoja huku kwetu anayo 240Z, anailetaga kwangu, na kazi ninayoipenda kuliko zote pale gereji ni kuziweka sawa kabureta zake, zile zinazochanganya petroli na hewa. Zipo mbili, za Hitachi, zimeundwa kwa mtindo wa SU za Waingereza, na kila moja inalisha silinda tatu. Zikipishana kidogo tu injini inayumba gari ikiwa imesimama na gari inapoteza nguvu kwenye mlima. Sasa kupima huhitaji mashine yoyote. Unafungua kopo la filta ya hewa, unawasha gari unaiacha ipate moto, unachukua kipande cha mpira wa bomba, upande mmoja unauweka sikioni, upande wa pili unauweka kwenye mdomo wa kabureta ya kwanza. Utasikia hewa inavutwa, ssss. Unahamia ya pili. Kama ya pili inavuta kwa nguvu zaidi unarudisha skrubu yake kidogo, unasikiliza tena, unarudi ya kwanza, unaenda ya pili, mpaka zote zivute kwa sauti moja. Halafu unashuka kwenye nati za chini kurekebisha mchanganyiko wa petroli na hewa, na juu kwenye kila kabureta kuna kifuniko kidogo unakifungua unaangalia oili ya mle ndani kama imepungua unaongeza, oili nyepesi, kidogo tu. Ukimaliza, ile injini inatulia mpaka unaweza kusimamisha sarafu juu ya kifuniko cha valvu. Mzee mwenyewe huwa anasimama pembeni hasemi kitu, ikitulia anatabasamu. Na yeye anajua kufanya hivyo mwenyewe, alifundishwa zamani, ananiletea mimi kwa sababu masikio yake siku hizi yamechoka.

Kuiwasha asubuhi nako kuna namna yake. Choki iko katikati ya viti karibu na gia, unaivuta, unapiga stata, ikishika unairudisha polepole kadiri injini inavyopata joto, ukiiwahisha inazima, ukiichelewesha plagi zinajaa masizi. Ukishuka gia kuingia kona unakanyaga breki kwa vidole huku kisigino kinagusa mafuta ili injini iongeze mzunguko kabla hujaachia klachi, ukikosea gari inakurusha kidogo, ukipatia inaingia kimya kabisa mpaka abiria hajui kama umebadilisha. Kujifunza hilo kunachukua muda na mtu akilijua anajisikia vizuri siku nzima, niamini. Gari mpya yenye gia za klachi mbili inakufanyia yote hayo kwa kasi ambayo mguu wa binadamu hauwezi kuifikia, na inapatia kila siku, na hapo ndipo dereva anabaki hana kazi. Kiwanda cha Ferrari ambacho kilisifika dunia nzima kwa ile gia ya mkono inayopita kwenye sahani ya chuma yenye mikato, leo hakiuzi hata gari moja jipya la barabarani lenye klachi ya mguu.

Sisemi kila kipya ni kibaya. Mazda MX-5 imetoka 1989 na mpaka leo wameikatalia unene, bado ina tani moja na kidogo, bado unaipata na gia ya mkono, injini haina taabo, na wanaoijua wanaipenda kwa sababu zilezile ninazozisema hapa. Toyota GR Yaris nayo iliyotoka 2020, injini ndogo ya silinda tatu, gia sita za mkono, naiheshimu sana. Nissan Z yenyewe naipongeza kwa kubakiza gia ya mkono kwa anayeitaka. Ila hizo zinahesabika, na waliozitengeneza walikaa wakasoma gari za zamani kwanza.

Sasa niingie kwenye kitu kilichoniuma zaidi, kwamba huyo ndugu anaandika kana kwamba hizi gari ni mambo ya wazungu na Wajapani na sisi hatuhusiki. Mhariri, Datsun 240Z ilipata jina lake la uvumilivu kwenye udongo wetu! Mashindano ya magari ya Safari yalianza 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa malkia wa Uingereza, yakazunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, na mpaka mwanzoni mwa miaka ya 70 bado yalikuwa yanaitwa Safari ya Afrika Mashariki na yalikuwa ya kwetu sote. Yakazoeleka kuwa ya Pasaka. Zaidi ya kilomita 5,000, vumbi la kumeza upande huu na tope la kuzama upande ule, barabara zenyewe hazifungwi, ng'ombe anavuka, basi la abiria linakuja. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller wakashinda na 240Z, na nyuma yao nafasi ya pili ikashikwa na Shekhar Mehta, naye na 240Z. Mwaka 1973 akaja Mehta mwenyewe, mtoto wa Uganda ambaye familia yake iliondoka kule enzi za Amin ikahamia Kenya, yeye na Lofty Drews, wakamaliza sawasawa kwa dakika za adhabu na Harry Källström aliyekuwa na Datsun nyingine, ikabidi waangalie nani alienda mbali zaidi bila kupata adhabu, Mehta akapewa ushindi. Na huo ndio mwaka ambao Safari iliingia kwenye ubingwa wa dunia. Mehta akaja kushinda tena 1979, 1980, 1981 na 1982, zote na Datsun, mara tano jumla, na kwa Safari za ubingwa wa dunia hakuna aliyemfikia.

Gari la 1971 Wajapani walilirudisha kwao wakalitunza na lipo kwenye hazina ya magari ya Nissan kule Zama, na wameliacha na makovu yake, halijanyooshwa bodi kuwa kama jipya. Wanajua thamani yake. Sisi tunataka nondo.

Na kulikuwa na kitu kizuri enzi zile ambacho leo kimepotea, gari lililoshinda Safari lilikuwa ndugu wa damu wa lile lililokuwa dukani. Lilifungwa shokapu ngumu, tangi kubwa na taa za ziada mbele, chini likakingwa kwa bamba la chuma, lakini bodi ni ileile na injini ya ukoo uleule. Joginder Singh mwaka 1965 alishinda na Volvo PV544 ambayo ilishatumika kwenye mashindano kabla yake, yaani gari la mkono wa pili! Na si gari la spoti hata kidogo, ukiliona unaweza kudhani ni la mwalimu mkuu. Leo Safari imerudi kwenye ubingwa wa dunia tangu 2021, pale Naivasha, Toyota wanashinda kila mwaka na mimi huwa naangalia nashangilia, lakini zile gari za daraja la juu za kuanzia 2022 ndani ni fremu ya mabomba iliyovishwa sura ya Yaris, huwezi kwenda dukani ukanunua, na fundi wa mtaani akifungua hatambui kitu.

Enzi zile fundi wa mtaani alitambua kila kitu. Hapa naomba wasomaji mafundi wanisikilize. Injini ya 240Z inaitwa L24. Ile ya Datsun 1600 SSS na Datsun 160J zilizojaa huku kwetu zikifanya hadi kazi ya teksi inaitwa L16. Sasa L16 ina silinda nne, kipenyo cha silinda milimita 83, mwendo wa pistoni milimita 73.7. L24 ina silinda sita, kipenyo milimita 83, mwendo wa pistoni milimita 73.7. Ni ileile! Waliongeza silinda mbili tu. Maana yake kijana aliyejifunza kazi kwenye 160J ya teksi ukimpa injini ya gari la spoti lililoshinda Safari haogopi, anajua mnyororo wa taimingi unakaaje, anajua valvu zinapimwaje, anajua pointi za distributa zinaachiana kiasi gani. Hicho ndicho gari za sasa zimetunyima. Juzi juzi nimeletewa gari moja ya spoti ya kisasa, sitaji ni ya kampuni gani, imegoma kuwaka kabisa, injini nzima, petroli ipo, umeme upo, kumbe kontroli boksi moja imeingia maji na hiyo boksi huwezi kuchukua kwenye gari nyingine ukafunga maana inakataa mpaka iandikwe upya kwa kompyuta ya kiwanda. Mwenye gari anasubiri mpaka leo. Gari hiyo haijafikisha hata umri wa mtoto wa darasa la saba. Jamani, nani ataitengeneza ikifika miaka 50? Skrini itakufa, programu yake hakuna anayeiuza tena, hapo kweli zitafaa nondo.

Nisije nikaonekana nauza maneno, gari za zamani zina adui mkubwa na adui huyo ni kutu. 240Z inaoza vibaya sana, bati lake ni jembamba na enzi hizo hawakulikinga vizuri. Anayetaka kununua aende na sumaku iliyofungwa kitambaa, apitishe kwenye matao ya matairi ya nyuma, chini ya milango, mahali ambapo sumaku haishiki ujue hapo ni puti ya kuzibia, si bati. Ainue betri aangalie chini ya kitako chake, maji ya betri yakimwagika yanashuka kula bati la mbele mpaka chini. Atoe tairi la spea aangalie kisima chake. Alale chini aangalie reli za chasisi. Gari iliyokaa Tanga, Mombasa au Dar karibu na bahari ichunguzwe mara mbili, za huku bara kwenye ukame zimejihifadhi vizuri zaidi. Na zile kabureta za mwanzo zenye kofia za duara ndizo nzuri, zilizokuja mwishoni kwenye gari za soko la Marekani, zenye kofia bapa, zilisumbua mno mpaka watu walizitoa wakarudisha za zamani.

Upande wa pesa nao ndugu yetu ajue. Mwaka 1970 Marekani hiyo gari iliuzwa dola 3,526. Januari 2020 moja ya 1971 iliyotunzwa vizuri iliuzwa mnada kule kule kwa dola 310,000. Sio zote zinafika huko, hiyo ilikuwa safi kupita kiasi, ila nondo za dola 310,000 mimi sijawahi kuziona. Na huko Kenya kila toleo la ile Safari ya magari ya zamani, iliyoanza 2003, watu wanatoka Ulaya wanasafirisha Porsche 911 za miaka ya 70 kwa meli kuja kukimbiza kwenye vumbi la kwetu, na matoleo mengine wanavuka mpaka huku Tanzania. Porsche kwenye Safari yenyewe ya zamani ilishika nafasi ya pili 1972, 1974 na 1978 na haikushinda hata siku moja, mpaka Björn Waldegård, ambaye mwaka 1974 ushindi ulimponyoka akiwa ndani ya Porsche, akarudi 2011 akiwa mzee, mwanawe Mathias amekaa pembeni anamsomea ramani, akashinda ile ya magari ya zamani na 911. Ian Duncan wa Kenya naye alichukua 2009 na Ford Mustang. Hoteli zinajaa, mafundi wanapata vibarua, spea zinanunuliwa. Kuna na maonyesho ya kila mwaka pale uwanja wa farasi wa Ngong Nairobi, wanachama wa klabu ya Alfa Romeo ndio waandaaji, majaji wanapita wanaangalia gari mpaka chini ya uvungu, mtu anafuta boneti kwa kitambaa toka alfajiri, na watoto wamejaa wanauliza maswali. Sisi huku Tanzania kitu cha ukubwa ule hatuna.

Na hapa ndipo ninapotaka wahusika wasome. Sheria zetu zinaangalia umri tu. Kenya gari iliyozidi miaka 8 hairuhusiwi kuingizwa, na huku kwetu inaingia lakini unalipishwa ushuru wa ziada kwa uchakavu. Kwa gari za kawaida sina ugomvi, kweli hatutaki kuwa jalala la dunia. Lakini wenzetu wametenganisha kuukuu na ya kumbukumbu. Uingereza gari ikifika miaka 40 bila kugeuzwageuzwa haitozwi kodi ya barabara na haidaiwi ukaguzi wa kila mwaka. Ujerumani ikifika miaka 30, ikiwa na hali nzuri na asili yake, inapewa herufi H kwenye namba na kodi yake inakuwa ya kiwango kimoja. Marekani ambao ni wakali sana kwa masharti ya usalama, gari ikifikisha miaka 25 wanaifungulia mlango. Kwa nini nchi zetu za Jumuiya zisikae na kuweka daraja moja la namna hiyo, gari ya miaka 30 au 40 kwenda juu, ikaguliwe na fundi anayejua, ipewe namba yake ya pekee, iruhusiwe kuingia na kutembea siku chache, na zile zilizopo nchini zisiruhusiwe kukatwakatwa kabla hazijaangaliwa? Zile gari mlizoziona zikipasua Usambara ni za kwetu kama zilivyo za hao wenye viwanda.

Maana zinakatwa kweli, Mhariri. Mwaka jana kijana mmoja wa chuma chakavu alipita na mkokoteni hapa mbele ya gereji amebeba kifuniko cha valvu cha injini ya ukoo huo wa L na kabureta moja ya duara, nikamuuliza imetoka wapi akasema kuna yadi mjini wamesafisha ili wajenge fremu za maduka, nzima imeshapelekwa, imepimwa kwa kilo. Nilinunua kile kifuniko na ile kabureta palepale. Kabureta nimeisafisha, inafanya kazi, ipo kwenye rafu inasubiri mwenzake.

Kwa hiyo ombi langu kwa wasomaji wenye gari yoyote ya spoti ya miaka hiyo, iwe Datsun, iwe Celica, iwe Capri, iwe Alfa, iko nyuma ya nyumba ya marehemu baba imefunikwa na turubai, kabla hamjamwita mtu wa mizani naomba mwiteni kwanza fundi wa makamo aliyeshika kabureta aiangalie. Itoeni kwenye ardhi tupu, iwekeni juu ya matofali, toeni betri, fungueni vioo kidogo ipumue. Na wewe Mhariri, gazeti lenu ni la siku nyingi, kama kwenye maktaba yenu mna picha za Safari ikipita huku Tanzania miaka ile zichapisheni hata moja kila Jumapili, na mtaje mahali na mwaka, wapo wazee wengi watakaojua nani alikuwa amesimama pale kando ya barabara.

Fundi wa magari,
Moshi